Hendeli ya Kijani

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kamati ya maonyesho ya injini za zamani iliamua kuwalipa waonyeshaji. Ila anayetaka kulipwa alete injini safi, iliyopakwa rangi, yenye kibao cha maelezo.

Bi Nyamizi alileta injini ya kusagia ya marehemu mumewe. Jioni ya kuamkia maonyesho, mwenyekiti, Bwana Shebughe, aliikagua akaridhika, mpaka alipofika kwenye hendeli ya kuwashia. Rangi ya mpini ilikuwa imelika, chuma kinang'aa.

"Hapa pamechubuka, mama."

"Hapo ndipo mume wangu alipokuwa akishika."

"Naelewa, mama. Lakini sasa tunalipa, na watu wanatoa kiingilio. Hatuwezi kuwaonyesha vitu nusunusu."

Bi Nyamizi akapaka. Alirudia mara mbili, asiache hata doa, kisha akakaa kuitazama rangi mpaka giza likaingia.

Asubuhi watu walijaa nyuma ya kamba. Mwenyekiti akamkabidhi bahasha yake. Bi Nyamizi akaifutika kibindoni, akachomeka hendeli, akazungusha kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa, ikawaka, ikaanza kudunda. Watu wakapiga makofi.

Alipoichomoa hendeli, kiganja chake kilikuwa cha kijani. Rangi haikuwa imekauka. Kwenye mpini chuma kilikuwa kimetokeza tena, alama ya mkono, ila nyembamba kuliko ile ya kwanza.

"Nina brashi kwenye gari," mwenyekiti alimnong'oneza.

Bi Nyamizi aliitundika hendeli kwenye ndoano yake, alama ikiwaelekea watu.