Kona Iliyoachwa Wazi

"Vifungo tena?" Fundi aliuliza, akijitahidi kutabasamu.

"Vifungo tena, mama." Msimamizi wa kituo alimwekea bakuli mezani. "Vikubwa huku, vidogo huku."

Fundi alilivuta bakuli karibu. Alikuwa akishona magauni ya maharusi tangu msimamizi huyu hajazaliwa. Alikuwa amepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaja nchi ya watu kujitolea, na tangu afike hajagusa sindano. Kazi yake ilikuwa kuchambua vifungo, kama mtoto anayebembelezwa asilie.

Na kesho alikuwa anaondoka.

Kituo kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya shule. Watoto walikaa sakafuni, wamekizunguka kitambaa kikubwa cheupe. Mwaka uliopita basi la shule lilitumbukia mtoni. Kwa kila mtoto ambaye hakurudi nyumbani kulikuwa na kiraka kilichokatwa kwenye nguo yake: kipande cha sweta, cha gauni la maua, cha fulana ya mpira. Viraka vilipangwa viwili viwili, mstari nyuma ya mstari, na katikati ukapita utepe wa kijivu.

Watoto walishona vibaya. Mishono ilipinda, nyuzi zilifunga mafundo, na vidole vya Fundi vilikuwa vinamwasha. Kilichomkera zaidi ni ile kona ya mbele, upande wa kulia. Ilikuwa tupu. Mraba mzima mweupe, kama pengo la jino.

"Nipeni hata ile kona," alisema. "Kiraka kimoja tu, nikirudi nyumbani nijue niliacha kitu hapa."

"Hapa kila mtu anashona cha kwake," msimamizi alijibu kwa upole. Binti yake mwenyewe alikuwa kiraka cha njano, mstari wa kwanza, nyuma ya ile kona. Alikuwa amemshona kwa mikono yake.

Fundi akarudi kwenye vifungo. Alikunja mikono ya shati lake, shati kuukuu la kiume, la buluu, alilolivaa juu ya gauni kila siku ya kazi. Kwenye mfuko rangi ilikuwa bado imekolea mahali pamoja, pale nembo ilipofumuliwa.

Haikuwa kwamba wanamchukia. Wangemnunia, angeelewa. Lakini kila asubuhi alikuta kiti chake kimewekewa mto. Alipokataa kupanda basi na kuja kwa miguu, vumbi hadi magotini, hakuna aliyemuuliza sababu. Kesho yake alikuta beseni la maji mlangoni, na taulo juu yake, na hadi leo hakujua ni nani aliyekuwa akiliweka. Watu wema kupita kiasi. Si kama mlinzi wa hosteli anakolala, aliyemsimulia ajali yote siku aliyofika, akamlaani dereva pamoja na ukoo wake, mpaka chai ya Fundi ikapoa kikombeni.

Tena kulikuwa na yule msichana waliyemwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Alikuwa na mtindo wa kuja kulaza shavu kwenye bega la lile shati, akanyamaza. Chiriku, kunyamaza!

"Bibi, una mwanya," alisema leo, akichungulia mdomo wa Fundi kwa karibu mno.

"Nimezaliwa nao."

"Unaweza kupiga mluzi kwa huo mwanya?"

"Toka hapa, kashone."

"Anaweza! Ona anavyocheka!"

Watoto waliangua kicheko, halafu wote kwa pamoja wakamtazama msimamizi. Msimamizi aliinamia sindano yake.

Jua lilipokaribia kuzama, kitambaa kilikuwa tayari kutundikwa. Vifungo vilikuwa vimekwisha. Kona ilikuwa bado tupu. Fundi alisukuma bakuli, vifungo vikamwagika, vikabingirika hadi chini ya makabati.

"Sikuja hapa kutunzwa!" sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Nilikuja kufanya kazi. Kesho mnatundika kitu kina tundu mbele za watu, na mimi fundi nimekaa hapa nahesabu vifungo. Kwani mikono yangu ina nini? Ni michafu?"

Fundi aliona aibu. Alianza kuinama kuokota vifungo, lakini Chiriku alimtangulia, akapiga magoti, akaviokota kimoja kimoja.

Msimamizi aliinuka. Alifungua droo, akatoa mkasi na sindano. Sindano ilikuwa imeshatungwa uzi, tena uzi wa buluu, na kwa vumbi lililoushika ilionekana imekuwa humo siku nyingi.

"Mikono yako haina kitu, mama," alisema. "Watoto walikujua siku ile ya kwanza, ulipocheka na mwanya huo. Tulikubaliana tusikuharakishe."

Akaushika mkono wa lile shati la buluu, akaunyoosha taratibu juu ya meza, akampa mkasi.

"Ile kona ni ya dereva wetu. Kata hapa, umshone mwanao."