Makande Yasiyofunikwa

Jumatatu ya tarehe mbili Juni ndiyo siku mambo yalipomharibikia Mzee Mbonea, maana siku hiyo serikali ilipiga marufuku kufunika sufuria kule milimani. Mvuke wa kila jiko, walitangaza, lazima upande, uchukuliwe na upepo, ukawe mvua kwa watu wa tambarare ya magharibi.

Marehemu mkewe alikuwa akifunika makande kwa majani ya mgomba na kuyakandamiza kwa jiwe. Mbonea hakujua kupika kwa namna nyingine. Wiki chache baadaye mkaguzi wa mvuke, msichana aitwaye Nakiete, alimkuta jikoni na sufuria yake imefunikwa vilevile.

"Shikamoo, babu. Leo tena?"

"Marahaba. Makande hayaivi yakiwa wazi, mjukuu wangu. Waliotunga sheria hii hata moto hawajui kuwasha, wanapikiwa."

"Binti yako si ameolewa huko tambarare? Nimepita kwake juzi. Mahindi yameanza kujikunja."

Hapo alimpata. Mbonea alisonya, akaondoa jiwe, akafunua majani. Mvuke ukapanda, ukavuka paa, ukaelekea magharibi.

"Haya, mvua ya mwanangu hiyo imekwenda," alisema, kisha akanyoosha mkono mashariki, kwenye majumba ya wakubwa. "Lakini chemchemi yetu hapa juu imebaki tope, na upepo unatufikia mkavu. Mimi nimefunua. Je, huko upepo unakotoka, nani amefunua kwa ajili yetu?"