Robo Mzunguko

Binti yangu alinivuta pembeni ya karakana, akaninong'oneza: "Baba, mwambie baiskeli ni mbovu. Neno lako ndilo analolisikia."

Mjukuu wangu, mwanawe huyo, ameuza gari, amegawa makabati, maisha yake yote kayaweka kwenye mifuko miwili ya kufunga nyuma ya baiskeli. Anataka kuendesha wiki sita mpaka huko anakohamia, akalime kibustani chake. Mama mtu hali, halali.

Basi nikachuchumaa kando ya baiskeli, mjukuu akinitazama, magoti yakalia kama bawaba kavu. Mimi shule niliishia la tatu, lakini gurudumu nalijua kwa sikio. Unagonga spoki kwa ukucha, moja moja, na iliyokaza vizuri inalia ting. Mjukuu nilimfundisha hivyo tangu mdogo, na hizi kazifunga mwenyewe.

Ting, ting, ting. Halafu moja ikasema du.

Nikaigonga tena. Du. Sababu hiyo hapo, tena ya kweli, wala sihitaji kusema uongo.

"Vipi, Babu? Mbona umenuna kama umemeza spana?"

"Moja imelegea."

Binti yangu akashusha pumzi. "Si nilisema! Hiyo haifiki popote."

Mjukuu uso ukamshuka, ila hakubisha. Neno langu habishi.

Nikapapasa mfukoni, nikatoa ufunguo wangu wa kukazia spoki, ule uliolika pembe kwa miaka, nikamwekea kiganjani.

"Robo mzunguko," nikamwambia. "Usizidishe."