Mara ya Tatu

Mwalimu Mwanakombo aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza, "give up", na chini yake matumizi matatu: kukata tamaa, kuacha mazoea, kumwachia mwingine kilicho chako. Mzee Bahram, mwoka mikate, aliyanakili kwa Kiajemi, kutoka kulia kwenda kushoto.

Wenzake walipotoka, mwalimu akamwita. "Mzee wangu, kesho nasafiri kwenda mji anakokaa binti yako. Garini imebaki nafasi moja. Twende?"

Miaka tisa mzee hajamwona binti huyo. Akaweka mkono kifuani. "Hapana, mwalimu. Nitakubana."

"Kweli hutaki?"

"Mpe mwingine, mwanangu."

Kwa watu wa kwao Bahram, muungwana hukataa mara mbili na kukubali ya tatu. Babake, wasemavyo, aliwahi kukataa chai mpaka mwenyeji akahama mji. Lakini kwa watu wa mwalimu, kumrudia mzee mara ya tatu ni kumkosea adabu.

"Haya, basi nitamwambia jirani yangu," alisema, akachukua kitambaa na kuanza kufuta ubao.

Bahram alibaki amesimama, mkono kifuani, macho mgongoni mwa mwalimu. Kitambaa kilifuta maana ya kwanza, kikafuta ya pili. Kwenye ya tatu kikasita.

"Mzee Bahram," mwalimu aliita, bila kugeuka.

Taratibu, mkono wa mzee ukabanduka kifuani.