Kidole cha Dada

Kitendawili! Hana mkono, lakini ndiye anayekupimia mzigo. Umeshindwa? Basi nipe mji nikuambie: ni programu ya mazoezi iliyomo kwenye simu. Ukimaliza kunyanyua chuma, inakuuliza, rahisi au nzito? Ukijibu rahisi, siku inayofuata inakuongezea kilo. Ukijibu nzito, inakuacha palepale.

Binti mmoja alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kujiunga na zimamoto, na mtihani wenyewe ulikuwa kesho. Viganja vyake vilijaa chaki, kwa hiyo simu aliishika dada yake, naye ndiye aliyembonyezea majibu. Miezi yote ya mazoezi mzigo haukupanda.

"Mifupa ya kuku hiyo!" dada alizoea kumtania, naye alikuwa akicheka, kisha akiulaumu mwili wake kimyakimya.

Leo aliinua chuma akitazama kioo cha ukutani. Kilipanda kama unyoya. Humo kiooni akakiona kidole gumba cha dada, rangi ya zambarau imebanduka nusu ya ukucha, kikibonyeza kitufe chekundu, kile cha nzito, na chuma bado kiko juu.

Akakishusha polepole.

"Dada, mbona umebonyeza nzito?"

"Nani, mimi? Kunywa maji kwanza, mdogo wangu."

"Nimekuuliza, mbona?"

Dada akaifuta simu kwa upindo wa fulana. Akaifuta tena, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi zimamoto walinikataa mara mbili," akasema hatimaye. "Wewe ungepita mara ya kwanza tu. Mama angenitazamaje?"