Mbuzi wa Arobaini

Siku ya arobaini ya kifo cha mkewe, Shekue hakuchinja mbuzi. Alimpeleka kwa Mwanahawa, mwanafunzi wa ukunga aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

"Muuze, urudi chuoni."

"Kaka, watu watakusema. Tena mkeo alijifungulia mikononi mwangu, akafia humo humo."

"Najua. Ulisema somo la kuzuia damu hukulipata."

"Lilifundishwa wiki niliyofukuzwa."

"Basi kalisome."

Shangazi wa marehemu akafika akihema. "Shekue! Wageni wamekaa, wali umeiva. Waule na machozi?"

Shekue hakugeuka. Aliendelea kumnyooshea Mwanahawa kamba ya mbuzi, naye Mwanahawa akaitazama, mikono yake ameificha ndani ya khanga.