Hundi ya Plaiwudi

Hundi ilikuwa imekatwa. Bi Picha aliliona hilo kabla hata fundi na mlinzi hawajamaliza kuiingiza ofisini. Upande mmoja, karibu nusu nzima, haukuwapo.

Jina la Bi Picha alibandikwa na wafanyakazi wenzake. Yeye ndiye aliyesimamia misaada ya benki kwa jamii, na hakuna aliyekumbuka msaada aliowahi kuutoa bila mpiga picha kuwa karibu. Utani huo haukumkera, ila leo hakuwa na nafasi nao. Kesho ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka, na hundi ile ya plaiwudi, ndefu kuliko mtu mzima, ilitakiwa isimame jukwaani nyuma ya mwenyekiti. Ndiyo maana alimpigia fundi simu airudishe kwa muda.

"Fundi, umeifanya nini hii?"

"Nisamehe, binti yangu. Nilikuwa na shida ya ubao."

"Shida ya ubao? Wewe, seremala mzima?"

"Mbao niliziuza zote. Dawa, nauli za hospitali. Karakana imebaki na vumbi la msumeno tu."

Bi Picha alipitisha kidole kwenye ukingo. Ulikuwa umekatwa ukanyooka, kisha ukapigwa msasa mpaka ukawa laini. Akawaza huenda kipande kile sasa ni mlango wa kabati la mteja fulani, na hasira ikampanda. Sherehe ya kumkabidhi fundi hundi ile aliikumbuka vizuri. Mjukuu wa fundi, msichana mdogo mwenye gauni la njano, alikuwa ameshika pembe ya hundi, midomo imepauka kwa ule ugonjwa wa moyo, lakini anacheka. Picha ilitoka magazetini, na chini yake iliandikwa kwamba benki italipia upasuaji wote.

"Hela zenyewe zinakuja," alisema, sauti ikilainika kidogo. "Nilishakueleza, mzee wangu. Lazima mkutano upitishe hesabu kwanza. Baada ya kesho hakuna kikwazo."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kiti kilikuwapo, lakini alibaki amesimama, kofia mkononi. Bi Picha alimwonea huruma, ila huruma yake ilikuwa na haraka.

Kwenye kompyuta jedwali lake lilikuwa halijakamilika. Upande mmoja benki yao, upande wa pili benki ya serikali, ile ya ng'ambo ya barabara yenye rangi iliyobanduka na foleni isiyokwisha. Kwenye faida, yao ilikuwa imepaa na ya serikali ilikuwa inachechemea. Kwenye huduma kwa jamii, yao ilijaza kurasa za picha, na ya serikali aliiwekea kistari, kwa sababu hakupata picha yao hata moja. Kilichobaki ni maneno ya mwananchi wa kawaida.

"Kule ng'ambo uliwahi kwenda?" aliuliza.

"Nilikwenda. Meneja wa kule alikuja mwenyewe karakana, akaziangalia kazi zangu. Wakanikubalia mkopo wa upasuaji, riba ndogo. Ilibaki kutia sahihi tu."

"Ikawaje?"

"Ndipo mkatupatia hii. Nikarudi kuwashukuru, nikawaambia hela ile wampe mwingine mwenye shida."

Bi Picha alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Aliigeukia kompyuta akachapa harakaharaka: mwananchi aliacha mkopo wa benki ya serikali, akatuchagua sisi. Mwenyekiti angelipenda neno hilo.

"Basi tufanye hivi, mzee wangu. Kipande ulichokata kilete leo, vijana watakiunga kwa nyuma, hakuna atakayejua. Halafu kesho uje na mjukuu. Asimame palepale kwenye pembe yake, kama siku ile. Na lile gauni la njano msilisahau."

Fundi aliitazama hundi iliyoegemea ukuta. Ilikuwa imebaki nembo ya benki, sahihi ya mwenyekiti na ile hesabu yenye masifuri mengi. Vumbi kidogo lilikuwa limeganda kwenye nembo. Akainama, akalifuta kwa mkono wa shati.

"Gauni tumemvalisha jana," alisema taratibu.

"Vizuri. Litafuliwa likauke mapema."

Fundi akakunja kofia yake, akaikunjua tena.

"Kipande hakirudi, binti yangu. Chenu sikukigusa. Nilichukua ule upande wenye jina lake tu. Jeneza lilikuwa limekosa kifuniko."